Mhariri, tuwekeeni nisabu gazetini kama mnavyotuwekea nyakati za swala

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa na ombi moja tu, ombi lenyewe ni dogo ila maelezo yake marefu kidogo, naomba univumilie usinikatie njiani. Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na kila nikilifungua nakuta nyakati za swala zipo, alfajiri saa ngapi, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, na Ramadhani ikiingia mnaongeza na jedwali la kufuturu mpaka dakika yake. Viwango vya pesa za kigeni vipo kila siku. Msimamo wa ligi ndo usiseme. Lakini katika miaka yote hiyo sijawahi kuona hata siku moja mmeandika kwamba nisabu ya zaka, yaani kile kiwango ambacho mali ikifika inatakiwa itolewe zaka, leo ni kiasi gani, na sio nyie peke yenu, sijaiona kwenye gazeti lolote la Kiswahili ninalolishika. Hapo ndipo ombi langu lilipo, na sasa nieleze kwa nini linaniuma.

Sisi Waislamu kila mmoja wetu anajua nguzo ni tano. Mtoto wa chuoni wa miaka sita ukimuuliza anakuhesabia kwenye vidole bila kukwama: shahada, swala, zaka, saumu na kuhiji kwa mwenye uwezo. Hadithi ya Ibn Umar kwamba Uislamu umejengwa juu ya mambo matano tumeisikia kwenye mimbari mpaka tumeihifadhi. Sasa angalia tunavyoishi nazo hizo nguzo. Swala tunaijua kweli kweli, tunajua rakaa 17 kwa siku, tunajua udhu unatenguka na nini, ukisahau tahiyatu ya kwanza unasujudu sijida ya kusahau, ukiwa safarini unafupisha, ukiumwa unaswali umekaa, ukishindwa kukaa unaswali umelala. Saumu vilevile, wiki moja kabla ya Ramadhani watu wanauliza masuali ya kila aina, sindano inafunguza au haifunguzi, dawa ya macho je, kupiga mswaki mchana je, mjamzito alipe au atoe fidia. Mambo mazuri hayo, dini ndo inavyotakiwa iulizwe. Hija nayo mtu akijaaliwa kwenda anapewa semina kabisa, anafundishwa ihramu inavaliwa wapi, tawafu mizunguko saba, sa'yi baina ya Safa na Marwa mara saba, kusimama Arafa tarehe 9 Dhulhija, kila kitu.

Zaka je? Muulize mtu yeyote aliye karibu yako sasa hivi, mtu mzima, anaswali, ana kazi au biashara, muulize nisabu ni kiasi gani na mwaka wake wa zaka unatimia tarehe ngapi. Wengi watakujibu "mimi zaka natoa, juzi tu nimempa bibi mmoja pale nje ya msikiti". Hiyo ni sadaka ndugu yangu. Ina malipo yake makubwa kwa Allah lakini zaka siyo, kwa sababu zaka ina kiwango, ina wakati, ina watu wake maalum, na kubwa kuliko yote ina nia. Mwanzo wa kila swala unatia nia, huwezi kuinama na kuinuka mara nne halafu jioni useme ile ihesabiwe ilikuwa adhuhuri yangu. Sasa kwa nini kwenye zaka tunafanya hivohivo, tunakusanya visenti tulivyotoa mwaka mzima kwa huruma tu bila nia yoyote tunasema imetosha?

Nayasema haya kwa uchungu maana mimi mwenyewe nilikuwa hivo. Nilianza kuweka akiba ya hija, kidogo kidogo, mwaka wa kwanza hela ndogo tu, wa pili hivohivo, kuanzia wa tatu mambo yakakaa sawa ikawa inaongezeka mpaka ikafika mwaka wa sita. Kwa miaka yote hiyo sikutoa zaka ya ile pesa hata mara moja, na wallahi haikuwa ubahili, nilikuwa naamini moyoni kwamba pesa ya hija ni pesa ya ibada na pesa ya ibada haitolewi zaka. Hakuna aliyeniambia hivo, nilijiambia mwenyewe, na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongelea hayo mambo. Mpaka siku moja kwenye darsa baada ya magharibi, mtu kauliza suali lake kuhusu dhahabu ya mke wake, sheikh akamjibu alafu akageuka akatuuliza sote, "na nyie mnaoweka pesa za hija, mnazitolea zaka?" Kimya. Watu wanaangalia mkeka.

Tulipomaliza isha nikamfuata nikamwambia sheikh, ile si pesa ya ibada? Akanijibu, "Itakuwa ya ibada siku utakayoitoa kulipia safari. Kabla ya hapo ni mali yako, na ukifa leo usiku kesho wanao wanarithi." Nilirudi nyumbani sikusema neno. Mke wangu aliponiona akajua kuna jambo, nilipomweleza akaniambia baba, deni la Mungu ni deni, lipa kwanza, Makka haihami.

Basi nikakaa chini kuhesabu miaka iliyopita, kwa sababu wanavyuoni walio wengi wanasema zaka haifutiki kwa kuchelewa, inabaki shingoni mwako mpaka uilipe. Na hapo Mhariri ndo nikagundua tatizo ambalo limenifanya nikuandikie. Salio la benki la kila mwaka nililipata, taarifa wanatoa ukiomba. Lakini kujua kama lile salio lilifika nisabu au halikufika, lazima ujue dhahabu au fedha (ile madini, sio pesa) ilikuwa bei gani tarehe ile, kwa sababu nisabu inapimwa kwa hizo mbili. Nikatafuta kwenye magazeti ya zamani, hakuna. Nikaambiwa nenda intaneti, kule nikakuta bei imewekwa kwa dola tena kwa aunsi, aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu 85 ni kama aunsi 2.73, uzidishe kwa dola, alafu utafute dola siku ile ilikuwa inabadilishwa kwa ngapi, uzidishe tena. Mimi nilisaidiwa na binti yangu tukamaliza siku mbili. Je yule mama mwenye duka lake ambaye hana binti wa kumpigia mahesabu? Ataacha tu, na sitamlaumu.

Sasa naomba niieleze hii nisabu vizuri kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuelezwa, maana naamini wako wengi. Nisabu ni kile kiwango ambacho mali yako ikiwa chini yake huna zaka, ikifika hapo unayo. Kwa dhahabu ni dinari 20, kwa fedha ni dirham 200, hivyo ndivyo ilivyowekwa tangu zamani. Wanavyuoni wa sasa walipopima kwa gramu wengi wakapata dhahabu gramu 85 na fedha gramu 595, wapo wanaozidisha kidogo. Zamani zile dinari 20 na dirham 200 zilikuwa zinakaribiana thamani. Leo zimeachana sana, fedha imeshuka mno ukilinganisha na dhahabu, kwa hiyo mtu mwenye akiba ya kawaida tu akipima kwa fedha anakuta kashavuka zamani sana, akipima kwa dhahabu anakuta bado. Wapo masheikh wanaosema pesa za noti pimeni kwa fedha kwa sababu ndiyo yenye faida zaidi kwa masikini, wapo wanaosema pimeni kwa dhahabu kwa sababu ndiyo iliyobaki na thamani yake. Mimi sio mwanachuoni wa kuamua hapo, muulize unayemwamini kwa elimu yake. Lakini ili umuulize inabidi kwanza uzijue hizo bei mbili.

Ukishavuka, na mwaka ukazunguka ile mali bado iko mikononi mwako haijashuka chini ya nisabu, unatoa fungu moja katika 40, yaani asilimia 2.5. Kila milioni moja unatoa elfu 25, basi. Ukiwa na milioni nane ni laki mbili. Inayohesabiwa sio ya benki peke yake, kuna ya kwenye simu, kuna iliyo chini ya godoro, kuna uliyomkopesha mtu ambaye unajua atakulipa. Mfanyabiashara anahesabu bidhaa zake zote alizonunua ili auze, kwa bei ya soko ya siku ile mwaka wake unapotimia, sio ile bei aliyonunulia. Rafu za dukani, mizani, mashine, gari la kubebea mzigo, hivyo havina zaka kwa sababu haviuzwi, nyumba unayolala haina, nguo zako hazina. Mapambo ya dhahabu na fedha ya mwanamke anayoyavaa hapo kuna khilafu, yaani wanavyuoni wametofautiana, Imam Shafi na walio wengi wanasema hayana zaka maadamu ni ya kuvaa kwa kiasi cha kawaida, wa madhehebu ya Hanafi wanasema yana. Na madeni unayodaiwa, yanapunguza zaka au hayapunguzi, napo wametofautiana. Muulize sheikh wako kabla hujachukua jibu la kwenye meseji za kusambazwa.

Kuna jambo moja kwenye huu mwaka unaozunguka ambalo watu hulipita. Mwaka wa zaka ni wa mwezi, ni Hijria, siku 354 au 355, sio huu wa Januari mpaka Disemba. Tofauti ni kama siku 11 tu mtu anaona si kitu. Lakini ukihesabu zaka yako kila Disemba 31 kwa muda wa miaka 33, wenzako wa Hijria watakuwa wametoa mara 34 wewe mara 33. Zaka ya mwaka mzima imepotea na hujui imepotea wapi, na haki ile ilikuwa ya mtu.

Na kila mmoja ana tarehe yake. Wengi tunasubiri Ramadhani kwa ajili ya thawabu, nia nzuri, lakini kama mwaka wako ulitimia mwezi wa Safar, masikini anakudai tangu Safar, kumkalisha miezi saba ili wewe upate fadhila za Ramadhani sioni kama ni haki. Ukitaka Ramadhani itangulize, kuitoa kabla ya wakati wengi wameruhusu. Wengine ndo wanachanganya kabisa zaka ya mali na zaka ya fitri, wanatoa ile pishi moja kwa kila kichwa kabla ya swala ya Idi wanaona wamemaliza, nguzo imesimama. Zaka ya fitri ni nyingine, inamtwisha hata ambaye hana nisabu alimradi ana ziada ya chakula cha siku ile ya Idi na usiku wake, baba anamtolea mpaka mtoto mchanga. Haifuti hii ya mali hata chembe.

Kwenye mazao na mifugo nitapita haraka maana wakulima na wafugaji kwa kawaida wanajua kuliko sisi wa mjini. Mbuzi na kondoo wanaolishwa malishoni wakifika 40 anatoka mmoja, ng'ombe 30 anatoka ndama wa mwaka mmoja, ngamia watano anatoka mbuzi au kondoo mmoja. Mazao hayasubiri mwaka, Quran kwenye Sura Al-An'am aya 141 imeamrisha haki yake itolewe siku ya kuvunwa. Lakini kuna kitu hapa kimenikaa moyoni tangu nilipokijua na nataka niwashirikishe. Mtu akiokota hazina iliyozikwa na watu wa kale, hakuilimia hakuitolea jasho, anatoa moja ya tano, asilimia 20. Mkulima aliyelima na kupanda ila maji kapewa na mvua, anatoa asilimia 10. Aliyelima, akapanda, na maji akayavuta mwenyewe kwa gharama yake, asilimia 5. Mfanyabiashara anayehangaika mwaka mzima, leo faida kesho hasara, asilimia 2.5. Kila jasho likizidi haki inapungua nusu. Nilipoona hivo nililia Mhariri, kwa sababu nilikuwa naiona zaka kama kodi inayomvizia mtu, kumbe aliyeiweka anajua mgongo wa kila mmoja umechoka kiasi gani.

Nije kwa wanaopewa. Hili sio la kuamua kwa huruma zetu, Mwenyezi Mungu amewataja mwenyewe kwenye Sura At-Tawba aya 60, ni mafungu manane: mafakiri, masikini, wanaoikusanya na kuigawa, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Allah, na msafiri aliyekatikiwa. Watu husahau sana hilo la wenye madeni. Kuna mtu ana heshima zake, anavaa vizuri, huwezi kumwona kwenye foleni ya kuomba, lakini kadaiwa mpaka halali usiku kwa sababu mtoto aliumwa akakopa. Huyo zaka ni yake, imeandikwa kwa jina la hali yake. Na sio lazima umwambie hii ni zaka, ukimpa kwa nia yako inatosha, unamsitiri.

Mzazi wako humpi zaka, mtoto wako humpi, mke wako humpi, hao kuwalisha ni wajibu wako tayari, ukiwapa zaka unakuwa umejilipa mwenyewe. Lakini kaka, dada, shangazi, mjomba, binamu ambaye hayuko kwenye matunzo yako na ni muhitaji, huyo mpe kabla hujafika mbali, Mtume s.a.w. amesema sadaka kwa masikini ni sadaka moja na kwa ndugu ni mbili, sadaka na kuunga udugu. Nimeona watu wanapeleka zaka mbali huku dada yao wa tumbo moja ameachiwa yatima watatu, hawajui kama inafaa kumpa. Inafaa.

Kujenga msikiti kwa pesa ya zaka wanavyuoni wengi hawakubali, kwa sababu jengo sio katika hao wanane. Najua kuna wanaoliingiza kwenye fungu la njia ya Allah na wana hoja zao, lakini mimi naona msikiti tuujenge kwa sadaka na waqfu, tena tujitutumue, na haki ya fakiri tumwachie fakiri. Huyo hana mlango mwingine.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo litawaudhi wengine. Hii tabia ya kumpa mtu msaada huku simu imewashwa anapigwa picha, kashika alichopewa, sura yake inaonekana mpaka watoto wake shuleni wanaiona mtandaoni. Sura Al-Baqara aya 264 imetukataza kuharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Sasa kama kumkumbusha mtu kwa maneno kwamba nilikusaidia ni masimango, kumkumbusha kwa picha ambayo haifutiki ni nini? Alafu kwenye zaka ni mbaya zaidi, maana zaka sio hisani yako. Ile asilimia mbili na nusu ilishakuwa ya kwake tangu siku mwaka ulipozunguka, wewe ulikuwa umeishikilia tu. Kuna mtu anarudisha mali ya mwenyewe akataka kupigwa naye picha?

Vilevile hii ya kuigawa vipande vidogo vidogo ili wapate watu wengi, kila mmoja anaondoka na kitu kisichomfikisha kesho. Umar bin Khattab r.a. imepokewa kwake kwamba mkitoa basi watosheleze. Na katika madhehebu ya Shafi imeelezwa kabisa kwamba fakiri mwenye ufundi anapewa cha kununulia zana za ufundi wake, mfanyabiashara mtaji, mpaka atoke kwenye kupokea. Hebu fikiria fundi cherehani mmoja akipewa cherehani kutoka zaka za watu watatu, mwaka unaofuata yeye hayuko kwenye foleni, na inshallah baada ya miaka kadhaa yeye ndo anayeuliza nisabu.

Kama kuna anayeona nakuza mambo, namkumbusha yaliyotokea mwaka 11 Hijria. Mtume s.a.w. kafariki, makabila kadhaa ya Waarabu wakasema kuswali tutaswali lakini zaka hatutoi tena. Watu wazito miongoni mwa Masahaba wakaona hali ni tete, hata Umar akamuuliza Abu Bakr utapigana vipi na watu wanaosema La ilaha illa Allah. Abu Bakr, mtu mpole anayelia akisoma Quran, akaapa kwamba atapigana na yeyote anayetenganisha baina ya swala na zaka, hata kama watamzuilia kitu kidogo tu walichokuwa wakimpa Mtume. Umar baadae akakiri kwamba ile ndiyo haki. Na ukifungua Quran unaona kwa nini, mara nyingi mno zimetajwa pamoja, simamisheni swala na toeni zaka, kama pumzi mbili za kifua kimoja. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen alimpangia ratiba: waite kwanza kwenye shahada, wakikubali wafundishe swala tano, wakikubali wajulishe kwamba Allah amewafaradhishia sadaka inayochukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao. Neno "kurudishwa" hilo lilivyo huwa linanisimamisha.

Sisemi kwamba watu ni wabaya. Nimekaa na Waislamu wenzangu umri wangu wote, najua hawa hawa ambao hawajui nisabu ndio wanaovua shati wakampa mtu. Tatizo letu sio mkono wa birika, tatizo ni kwamba swala inaadhiniwa mara tano kwa siku, Ramadhani inatangazwa kwa mwezi kuandama, hija ina msimu wake dunia nzima inaona, zaka haina adhana. Inamjia kila mtu peke yake, kimya kimya, tarehe ambayo yeye tu ndo anatakiwa aijue. Asipokumbushwa inampita.

Ndo maana narudi kwenu Mhariri. Nyie mna nafasi ya adhana hiyo. Sikuombeni ukurasa mzima, naomba mstari mmoja hapo chini ya nyakati za swala, kila Ijumaa inatosha: gramu 85 za dhahabu leo ni kiasi hiki, gramu 595 za fedha leo ni kiasi hiki, na tarehe ya Hijria pembeni yake. Bei ya dhahabu na ya fedha nyie hamtakosa pa kuipata, ni kuzidisha tu. Mkitaka uhakika zaidi waulizeni masheikh wa baraza au ofisi ya kadhi wawaelekeze mpime kwa gramu ngapi na muandike kipimo mlichotumia. Na magazeti ya nyuma yakihifadhiwa, mtu kama mimi aliyechelewa miaka minne atakuwa na pa kuangalia.

Mimi deni langu tulipomaliza kuhesabu na binti yangu lilikuwa la miaka minne, maana ile miwili ya mwanzo haikufika nisabu. Miaka mitatu nimeshailipa alhamdulillahi, sehemu yake imekwenda kwa fundi mmoja aliyekuwa anadaiwa kodi ya chumba cha kazi, naye hajui imetoka kwa nani. Umebaki mmoja. Safari ya hija nimeisogeza mbele, pesa imepungua na sioni uzito wowote kifuani, nimelala vizuri kuliko miaka yote sita niliyokuwa naihesabu inaongezeka.

Mwaka wangu wa zaka unatimia tarehe 3 Rajab. Siku hiyo asubuhi nitanunua gazeti lenu kama kawaida, na nitaanza kuangalia hapo chini ya nyakati za swala.

Wabillahi tawfiq,

Msomaji wenu wa siku nyingi